TUVISOME TENA VITABU VYA QUATERMAIN

Wengi wetu tulionja utamu wa kusoma katika vitabu vya Rider Haggard juu ya mwindaji Allan Quatermain. Cha kwanza, "Mashimo ya Mfalme Sulemani", kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1885, na Frederick Johnson akakifasiri kwa Kiswahili mwaka 1929. Utamu wake haujaisha hata leo.

Lakini mtu mzima husoma kwa macho mengine. Twauliza: mwandishi huyu alikuwa nani? Alikuwa mtumishi wa serikali ya Waingereza huko kusini mwa Afrika. Mwaka 1877, walipoitwaa Transvaal, yeye alishiriki kupandisha bendera yao mjini Pretoria.

Katika kitabu cha 1887, Wazungu watatu wanatoka Lamu, wanapanda mto Tana, na huko bara wanakuta dola kubwa. Wenyeji wake ni nani? Weupe! Mwisho Mwingereza anamwoa malkia na kutawala. Umslopogaas, shujaa wa Kizulu, anakufa akimlinda malkia huyo.

Basi tuvichome? Hasha! Katika kile cha kwanza yumo Umbopa, mtumishi wa safari, kumbe ndiye mfalme halali. Akiisha kupata kiti chake, anawakataza wafanyabiashara wa bunduki na pombe wasiingie nchini mwake. Utotoni maneno hayo tuliyapita mbio, tukifuata almasi.

Tuwape watoto wetu vitabu hivi, tukae nao, tuwaulize: nchi ile ni ya nani, na almasi zake zimekwenda wapi?