Amana Haina Msimu



Kaskazi ikimalizika, wageni huondoka Lamu. Hufuata masika, kisha kusi na bahari iliyochafuka. Na kisanduku cha kiingilio katika nyumba yetu ndogo ya makumbusho hubaki kitupu. Ndipo unyevu huingia katika kurasa za misahafu iliyoandikwa kwa mkono, na mchwa katika mbao.

Kusi hii dalali alibisha hodi, akataka kununua kiti cha enzi. Fedha zake zingalimlipa mtunzaji hadi Disemba. Tulishauriana, tukakataa. Familia iliyotukabidhi kiti hicho ilikiweka kwetu amana, na amana haiuzwi.

Tangu 2001 Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Lakini orodha haizibi paa linalovuja. Wazee wetu walitunza misikiti na visima kwa wakfu: duka moja, au shamba la minazi, na pato lake likatosha. Nasi twaomba chumba kimoja cha kupangisha kiwekwe wakfu kwa nyumba hii.

Wala tusingoje wageni. Waleteni watoto sasa. Mlango u wazi.