Taya Likivimba, Tusikimbilie Kung'oa Jino

Mtoto akivimba taya na meno yakalegea, wengi wetu husema ni jino bovu. Jino hung'olewa, wiki hupita, uvimbe huzidi. Sisi twaona kwamba mazoea haya yanahatarisha maisha ya watoto wetu.

Mwaka 1958 Dk. Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, Uganda, alieleza saratani ya taya za watoto. Mwaka 1964 wataalamu Epstein, Achong na Barr walitangaza kirusi walichokiona katika uvimbe huo. Karibu sote tunacho tangu utotoni, kimelala tu mwilini. Lakini malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga. Hapo kirusi huamka, na saratani yaweza kuanza.

Uvimbe huu hukua upesi mno. Hata hivyo, watoto wengi hupona wakiwahishwa na kumaliza dawa zote. Basi wazazi, taya au tumbo la mtoto likivimba, msianzie kwa mganga wala msingoje wiki ya pili. Mpelekeni hospitali. Na chandarua kitumike kila usiku: kuzuia malaria ni kupunguza hatari hii pia.