Mboji katika Shamba la Kukodi



Tunapozungumzia kilimo kinachotunza ardhi, macho yetu hupanda mlimani, na si bure. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Mgomba humlisha ng'ombe, ng'ombe hurudisha samadi, mti mkubwa huipa kahawa kivuli, na mfongo huleta maji.

Sasa tushuke Pasua. Hapa mchicha na mnavu hulimwa katika vipande vidogo, na wengi tunaowafahamu wamekodi. Hesabu yao tumekuwa tukiifanya vibaya. Twasema: mama huyu hanunui urea wala dawa ya kupulizia, basi faida ni yake. Lakini samadi husafirishwa kwa fedha. Mboji huchukua miezi miwili au mitatu kuiva, nayo hugeuzwa kwa mikono. Jasho hilo haliandikwi daftarini. Sokoni fungu lake huuzwa bei ileile ya fungu lililopuliziwa juzi, kwa kuwa tofauti haionekani. Na sisi wanunuzi, tukiri, hupenda jani lisilo na tundu.

Faida yake ya kweli hukaa ardhini. Udongo uliolishwa mboji hushika maji kwa muda mrefu zaidi, na rutuba yake hujengeka msimu hadi msimu. Malipo huja mwaka wa pili, wa tatu. Kihambani hilo si tatizo: amwagaye samadi leo anajua mjukuu wake atavuna. Aliyekodi kwa msimu mmoja hana uhakika huo. Akishaunenepesha udongo, mwenye kiwanja huja na kamba ya kupimia msingi, au hupandisha kodi kwa sababu shamba "limependeza". Mkulima huyo akichagua urea, inayolipa ndani ya wiki chache, hatuwezi kumwita mvivu wala mjinga.

Semina za mboji ni njema. Lakini baadhi ya wenye viwanja hivyo tunakaa nao benchi moja kanisani. Tunawaomba jambo dogo: mkataba wa maandishi wa miaka mitatu badala ya msimu, kodi isipande katikati, na siku ya kujenga ikifika, mkulima aachwe kwanza avune kilichomo tutani na kuchukua mboji iliyobaki shimoni.