Tamko kuhusu tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa limfoma ya utumbo

Sisi, familia za wagonjwa wa saratani na wahudumu wa kujitolea wa Kata ya Ngokolo, Manispaa ya Shinyanga, tunatoa tamko hili kwa sababu moja: kauli ya "mrudisheni tu nyumbani" inatolewa mapema mno kwa wagonjwa ambao mionzi ingewafaa.

Limfoma inayoanzia utumboni ni saratani adimu kwa watu wazima. Watoto wa ukanda wetu wana aina yao, limfoma ya Burkitt, aliyoieleza Dkt. Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958. Hiyo tiba yake kuu ni kemo, na anayewahishwa ana nafasi nzuri ya kupona. Tunayemsemea hapa ni mtu mzima ambaye dawa zimeshindwa, au mwili wake hauzimudu tena. Mara nyingi amekwisha kutibiwa vidonda vya tumbo, taifodi, hata kifua kikuu cha tumbo, kabla ya kukatwa kinyama kikapimwe.

Limfoma ni miongoni mwa saratani zinazosinyaa upesi kwa mionzi. Kwa aina zinazokua polepole, kipimo cha grei 4 tu, kikigawanywa mara mbili, huweza kupunguza uvimbe na maumivu. Hakimponyi mgonjwa, bali humrudishia kula na kulala, na hilo si dogo. Hatari zipo: kichefuchefu, kuhara, na utumbo ulioliwa na uvimbe unaweza kutoboka. Kwa hiyo aamue daktari bingwa, si jirani anayesimulia kwamba mionzi inababua watu.

Huduma ya mionzi ipo Hospitali ya Bugando, Mwanza. Si lazima kila mgonjwa wa Kanda ya Ziwa afike Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Wenzetu wa Geita, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hawasubiri tena kivuko na mgonjwa anayetapika. Kilichobaki ni nauli na pa kulala. Na wengi wetu huku ni wachimbaji wadogo: mchimbaji asiposhuka duarani, yaani shimoni mgodini, nyumbani hakuliki.

Tunataka rufaa iandikwe siku jibu la kinyama linapotoka. Pale mizunguko michache ya mionzi inapotosheleza, wanaotoka mbali wapewe hiyo. Morfini ya maji isikosekane hospitali za wilaya, maana mionzi haitulizi maumivu siku hiyohiyo. Nao wanaotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 wasimwache nje mchimbaji asiye na mwajiri.

Ndugu wa wagonjwa, msimtoe mtu wodini kumpeleka kwa mganga wa kienyeji kwa kuwa mmesikia ameandikiwa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso. Huduma hiyo hupewa hata anayeendelea kutibiwa. Asiye na nauli ya kwenda Bugando aonane na kamati yetu kupitia mwenyekiti wa mtaa wake, akiwa na barua ya rufaa.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji,
Ngokolo, Shinyanga.