Kuzalia nyumbani au materinite: tupatane kabla ya uchungu



Juma hili tuongee jambo linaloleta mabishano katika vikundi vyetu vingi: mwenye mimba azalie wapi? Nyumbani, mikononi mwa mama mzalishaji anayemjua tangu utoto, au materinite? Wengine wanasema materinite ni ya wenye feza. Wengine wanasema anayebaki nyumbani ni mjinga. Pande zote mbili zinatukana, na tusi halijawahi kumsaidia mtu kuzaa.

Tuanze na haki ya wanaobaki nyumbani, kwa sababu wana sababu zao. Njia ni ndefu, na mvua ikinyesha pikipiki haipiti. Usiku watu wanaogopa wenye silaha njiani. Bwana yuko machimboni na feza bado hazijafika. Materinite wanaomba vikwembe, sabuni, mpira wa mikono na feza ya karte. Mwingine ana haya kuzalishwa na mwanaume. Mwingine alipazwa sauti na kutukanwa akiwa kwenye uchungu, akaapa hatarudi. Ukimwambia mama wa namna hiyo “nenda tu hopitali,” hujamjibu kitu.

Lakini kuna sababu moja ambayo siikubali, nayo ndiyo inayosemwa zaidi: “Mimi nilizaa nane kwenye mkeka, sikuona shida. Na wewe uko na nguvu, hutaona shida.” Mama anayesema hivyo anasema kweli juu yake mwenyewe. Tukumbuke tu kwamba wale walioona shida kubwa hawapo kwenye kikao kutupa habari yao.

Je, mtu anaweza kujua mapema ni nani atapata shida? Jibu moja la maana lilipatikana hapa kwetu Maniema. Katika miaka ya 1970, waganga wa nchi yetu, wakati ule Zaire, pamoja na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi Kasongo, kwenye hopitali na kwenye vituo vya afya vya vijijini. Walifuata mimba za wanawake elfu kadhaa. Walitaka kuona kama, kwa kuangalia namna mwanamke alivyozaa zamani, wangeweza kumjua mapema yule ambaye mtoto atakwama.

Tazameni hesabu yao. Katika kila wanawake 100 waliokwamiwa na mtoto, 71 hawakuwa kwenye orodha ya hatari. Walikuwa wanaonekana wazima, wenye historia nzuri. Na katika kila 100 waliowekwa kwenye orodha ya hatari, 90 walizaa bila kukwama.

Hesabu hiyo inafundisha mambo mawili. La kwanza: shida mara nyingi inampata yule ambaye hakuna aliyemtazamia. Kwa hiyo neno “wewe uko na nguvu” si ulinzi. La pili: kipimo cha mimba ni cha lazima, kwa sababu kinaonyesha tansio, upungufu wa damu, malaria na mambo mengine ya kutibiwa mapema. Lakini munganga akikuambia “mimba iko sawa,” anaongea juu ya leo. Hawezi kukuahidi juu ya siku ya uchungu.

Sasa tuone shida zenyewe, na mwendo wake. Kubwa kuliko zote ni damu baada ya mtoto kutoka. Kizazi kikikataa kukaza, mama anaweza kufa ndani ya masaa mawili tu. Na kizazi kilichobeba mimba nyingi kinachoka. Mama wa watoto saba au nane ana hatari zaidi ya damu, si kidogo. Kwenye sentre ya afya yenye dawa, mzalishaji anampiga mama sindano ya kukaza kizazi mara tu mtoto anapotoka. Ni sindano moja, na nyumbani haipo.

Ya pili ni kifafa cha mimba: kichwa kinauma sana, macho yanaona giza, uso na mikono vinavimba, halafu mwili unatetemeka. Wengi wetu tunakimbilia kusema ni pepo au ni kurogwa. Ni tansio, na ina dawa yake ya sindano. Ya tatu ni mtoto kukwama. Hapa hata sentre ndogo haitoshi. Inatakiwa hopitali yenye kupasua. Ya nne ni mtoto anayetoka bila kupumua. Mzalishaji mwenye kifaa cha kumpulizia hewa ana dakika chache tu za kumsaidia.

Na mama akikwamiwa siku mbili au tatu kisha akapona, anaweza kubaki na fistula, mkojo unavuja mchana na usiku, watu wanamkimbia. Dokta Denis Mukwege, aliyepata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, tunamjua kwa kutibu wanawake walioharibiwa na vita. Lakini kilichomsukuma kwanza kusomea uganga wa wanawake ni wamama aliowaona akiwa munganga kijana kwenye hopitali ya Lemera, Kivu ya Kusini: walifika wakiwa wamechelewa, wameumizwa na uzazi. Tatizo la kuchelewa ni la zamani, na liko pia kwetu.

Kuchelewa kuna milango mitatu. Mlango wa kwanza ni nyumbani: tunangoja bwana arudi, tunangoja mama mkwe akubali, tunangoja kuone kesho. Wa pili ni njiani. Wa tatu ni hopitalini, munganga hayupo au dawa haipo. Mlango wa pili na wa tatu hatuna funguo zake zote. Wa kwanza funguo ziko mikononi mwetu.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: mwenye kuweza kufika materinite, azalie materinite, hata kama mimba zote za nyuma zilienda vizuri. Na uamuzi huo ufanywe mwezi wa saba wa mimba, si usiku wa uchungu. Mwenye mimba, bwana wake na mama mkwe wakae pamoja, wajibu maswali matano:

1. Nitazalia wapi, na sentre ikishindwa tutaenda hopitali gani?
2. Bwana asipokuwepo, ni nani mwenye ruhusa ya kusema “twende”? Jina lake litajwe mbele ya wote.
3. Ni nani atakayenibeba? Mwenye pikipiki aongeleshwe mapema. Ambako pikipiki haifiki, vijana wanne wa tipoyi wajulikane.
4. Feza iko wapi? Kidogo kidogo kila juma, au kwa likelemba ya kikundi.
5. Ni nani atakayenitolea damu ikihitajika, na ni nani atabaki na watoto?

Anayekaa mbali, au ambaye njia yake inafungwa na fujo, asingoje uchungu. Majuma mawili au matatu mbele ahamie kwa ndugu au rafiki aliye karibu na materinite. Vikundi vyetu vinaweza kuandika orodha ya nyumba zilizo tayari kumpokea mgeni wa namna hiyo. Sahani moja ya ugali na sombe haiwezi kutushinda.

Na mama mzalishaji wa kijijini? Tusimfukuze. Yeye ndiye anayeaminika, ndiye anayeitwa wa kwanza. Kazi yake mpya iwe kumsindikiza mama mpaka materinite, kumshika mkono, kumfuta jasho. Wazalishaji wa sentre wamfungulie mlango, wasimcheke. Anayeletwa na mtu anayemwamini anakuja mapema.

Ikitokea kwamba risasi zinalia na hakuna pa kupita, basi mtoto atazaliwa pale alipo. Hapo tufanye yafuatayo. Mikono ioshwe kwa sabuni. Wembe uwe mpya, uzi wa kufungia kitovu uchemshwe, na kitovu kisipakwe udongo wala mavi ya ng’ombe. Mtoto akaushwe mara moja, alazwe kwenye kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, anyonye. Kondo isivutwe kwa nguvu. Na mama asinyweshwe dawa ya miti ya kuharakisha uchungu. Inaweza kupasua kizazi. Uchungu ukipita masaa 12, kondo ikikaa zaidi ya nusu saa, damu ikilowesha kitambaa na kingine mbio mbio, homa ikipanda au mwili ukitetemeka, tafuteni njia yoyote iliyo salama, haraka.

Limebaki neno moja kwa wakubwa wa sentre zetu. Mama anayetukanwa leo, mimba ijayo atabaki nyumbani, na atamwambia dada yake naye abaki. Vikundi vyetu vitume wamama watatu wakaulize kwa adabu: kuzaa kunalipwa ngapi, na kupasuliwa kunalipwa ngapi? Mwezi wa 9 mwaka 2023 serikali ilianzisha Kinshasa mpango wa kuzaa bila kulipa, ukapangwa kufika mikoa mingine hatua kwa hatua. Waulize pia: hapa kwetu umefika wapi? Bei ikijulikana na kubandikwa ukutani, mtu anaweza kujipanga. Bei ya kufichwa ndiyo inayomwogopesha maskini.

Kwenye kikao cha juma hili, kila kikundi kihesabu wamama wake wenye mimba ya miezi saba kwenda mbele. Kila mmoja aulizwe yale maswali matano. Asiye na jibu la swali moja, kikundi kilitafute pamoja naye kabla ya kuachana, kwa kuwa uchungu haupigi simu kwanza.

Mubaki na amani.