Pawabenki si anasa, lakini si kama inavyouzwa

Huwezi kupita Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo bila kuuziwa pawabenki. Muuzaji ana maneno yake. Ukirudi nyumbani nako kuna maneno mengine: mzee anasema umetupa pesa, kijana anasema bila hiyo mambo hayaendi. Mengi ya maneno hayo, ya pande zote, hayasimami. Na wanaoumia ni watu ambao shilingi 45,000 za kuinunua kwao ni kazi ya siku kadhaa, kwa hiyo inafaa kuyajibu moja baada ya jingine.

"Hii ni 20,000, simu yako ni 5,000, unachaji mara nne."

Kugawanya ni sahihi. Namba inayogawanywa ndiyo yenye kasoro. Ile 20,000 mAh iliyoandikwa kwa herufi kubwa imepimwa kwenye seli za ndani, ambazo hutoa volti 3.7 hivi. Tundu la USB hutoa volti 5. Umeme ukipandishwa kutoka 3.7 hadi 5, namba ya mAh inashuka: 20,000 inakuwa 14,800 kabla kitu chochote hakijapotea. Kisha sakiti inakula sehemu yake na kuigeuza joto, lile unalolisikia kiganjani wakati wa kuchaji. Kinachotoka mwisho wa waya ni kati ya 12,000 na 13,000, na simu nayo inapoteza kidogo inapokipokea. Simu ya 5,000 itajaa mara mbili na nusu, tatu ukiwa na bahati. Ukichaji huku unatazama video, hata tatu usitegemee.

Watengenezaji wanaojiheshimu hawafichi jambo hili. Geuza boksi, usome maandishi madogo ya nyuma. Utakuta namba ya pili, ndogo kuliko ile ya mbele, na kando yake wati-saa, zinazoandikwa Wh. Kwa pawabenki ya 20,000 inapaswa kuwa 74Wh hivi. Namba hizo mbili ndizo unazozilipia. Zisipoonekana popote, rudisha mzigo mezani.

"Basi chukua hii ya 50,000, bei ileile."

Ishike mkononi kwanza. Seli ya kawaida ya lithiamu, ile ya mviringo inayojulikana kwa mafundi kama 18650, ina uzito wa gramu 45 hivi, na zile bora kabisa hubeba takriban mAh 3,500. Kupata 50,000 unahitaji seli kama 15, yaani zaidi ya gramu 650 kabla hujaweka ganda wala sakiti. Kitu kinachoingia mfuko wa shati hakiwezi kuwa na mzigo huo. Pawabenki ya kweli ya 10,000 huwa na gramu 200 hivi. Ya 20,000 iko karibu na gramu 400. Mzani wa duka la rejareja unatosha kukupa jibu.

Mzani nao una mwisho wake. Kuna pawabenki zilizopasuliwa zikakutwa na seli moja au mbili, na pembeni kifuko cha mchanga kilichogandishwa kwa gundi ili mkono wa mnunuzi usishtuke. Nyepesi mno ni feki bila mjadala, lakini nzito bado haijathibitisha kitu.

Na kama hiyo 50,000 ingekuwa ya kweli, ingekuwa na 185Wh. Mashirika ya ndege huruhusu pawabenki isiyozidi 100Wh kwenye mzigo wa mkononi, na kati ya 100 na 160 hadi shirika likubali. Juu ya hapo inabaki uwanjani. Emirates, ambao Watanzania na Wakenya wengi husafiri nao, tangu tarehe 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria, isiyozidi 100Wh, na hairuhusiwi kutumika ndani ya ndege.

"Ya sola inajichaji yenyewe, hununui umeme tena."

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linauzwa zaidi kwa wanaotoka mikoani. Paneli iliyobandikwa mgongoni mwa pawabenki ina ukubwa wa kiganja. Kwenye jua la saa sita mchana, ikiwa imeelekezwa sawasawa, hutoa wati moja na nusu hivi. Kujaza 74Wh kwa wati moja na nusu ni karibu saa 50 za jua kali. Hata Dodoma, kwenye jua zuri kweli, siku moja hukupa saa tano au sita za aina hiyo. Kwa hiyo utaianika siku tisa au kumi, ukiigeuza kulifuata jua na kuilinda na wezi, ndipo ijae mara moja.

Halafu kuna madhara ambayo muuzaji hayataji. Seli ya lithiamu haipaswi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi joto 45, na plastiki nyeusi iliyoanikwa juu ya bati au mbele ya kioo cha gari huvuka hapo upesi. Unaiweka juani ili ipate chaji, na jua lilelile linaizeesha. Anayetaka sola anunue paneli ya kusimama peke yake, aiweke juu, na betri ikae kivulini.

"Inaua betri ya simu."

Haiui. Simu yenyewe ndiyo inayoamua ivute umeme kiasi gani. Kinachoumiza betri ni joto, kwa hiyo usichaji simu ikiwa imebanwa na pawabenki ndani ya begi lililofungwa. Feki isiyotoa volti sawasawa ni habari nyingine.

"Ni anasa ya vijana."

Hapa nawapinga wazee wangu kwa heshima zote. Wakala wa pesa ambaye simu yake imezima saa nane mchana amefunga duka. Wateja wanahamia kwa jirani, na wengine hawarudi. Dereva bodaboda anayepokea wateja kwa programu naye ni hivyohivyo. Akilipa shilingi 500 kila anapochajisha kibandani, 45,000 ni mara 90, na hapo hatujahesabu saa ambazo simu imelala kibandani naye hapokei wito. Ila huyu wa bodaboda ningemshauri kwanza afungiwe tundu la USB kwenye pikipiki, kwa sababu ni rahisi zaidi na halimalizi chaji njiani.

Wazee wana haki kwa kundi moja: wanaonunua ili iwepo tu. Wakati wa mgao wa umeme wengi walinunua, na ilikuwa na maana. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uanze kuzalisha Februari 2024, mgao ukapungua na pawabenki nyingi zikaingia kabatini. Betri ya lithiamu huzeeka hata isipoguswa. Ukiitumia mara mbili kwa wiki kwa miaka miwili, ile 45,000 inakuwa kama shilingi 216 kila mara. Ukiitumia mara mbili kwa mwaka, kila mara imekugharimu 11,250. Kifaa ni kilekile, bei ni ileile, na mmoja wenu amepata hasara.

"Anayeihitaji zaidi ni asiye na umeme nyumbani."

Watu wema wengi wanaamini hivi, na Desemba wanawabebea wazazi kijijini. Lakini pawabenki hutunza umeme tu, haiuzalishi. Mama asiye na umeme ataipeleka kibandani kama alivyokuwa akipeleka simu, na kwa kuwa inachukua saa nyingi kujaa, atatozwa zaidi. Kwa pesa hiyohiyo au pungufu, madukani kuna taa za sola zenye paneli ndogo ya kuweka juu ya bati, waya mrefu, na tundu la kuchajia simu. Paneli ya wati 5 kwa siku ya jua zuri hujaza simu janja moja. Kama mama anatumia kitochi chenye betri ya mAh 1,000, hata ya wati 3 itachaji simu yake na kubakiza mwanga wa kupikia chakula cha jioni. Kabla ya kulipa, omba taa iwashwe dukani, uchomeke simu yako kwenye lile tundu uone kama kweli inaingiza, kwa sababu kuna taa zinazouzwa na tundu ambalo halikuunganishwa na kitu.