Kabla ya Kuibomoa Nyumba ya Wazee

Si aibu kwa warithi kuibomoa nyumba waliyoachiwa na wazee wao, maadamu kuta zimekwisha nguvu; lakini katika Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, ambako nyumba zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, aghalabu hukumu hutolewa kabla ya maradhi kujulikana. Saruji, ambayo wengi huipaka ukutani kwa nia njema ya kuihifadhi nyumba, huizuia chokaa isipumue, ikafungia ndani unyevu na chumvi, hata vichwa vya boriti vikaoza mumo humo ukutani. Kisha lawama yote hutwikwa uzee. (Na nyumba ya warithi wengi, kama ijulikanavyo, kila mmoja hakosi fungu, ila hapatikani wa kuziba paa.) Sidai kwamba ukarabati ni kazi nyepesi: Beit al-Ajaib, jumba mashuhuri la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020 hali mafundi wamo kazini. Hata hivyo, aliyeazimu kujenga upya na amwite kwanza fundi wa chokaa, wala si dalali wa kuuza milango ya nakshi ya nyumba hiyo. Na fundi akikata tamaa, basi ibomolewe, mlango ubaki kwa wenyewe.